Mwongozo Kamili wa Kupima Mikondo, Mawimbi na Anga kwa Rada ya Masafa ya Juu

Rada ya masafa ya juu ni mtambo unaosimamishwa ufukweni, ukarusha mawimbi ya redio juu ya uso wa bahari na kusikiliza mwangwi hafifu unaorudishwa na mawimbi ya maji yenyewe. Kutokana na mwangwi huo hupatikana ramani ya mikondo ya juu ya bahari kila saa au hata kila nusu saa, usiku na mchana, kwa eneo ambalo ingelazimu kutapanya maboya mengi mno ili kulifunika. Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo tangu kuchagua masafa hadi ramani kutoka, na mwishoni unagusa upimaji wa anga. Uzito umewekwa pale ambapo kazi huharibika, kwa sababu mitambo yenyewe ya siku hizi ni mizuri. Data huharibiwa na antena iliyokaa vibaya, na jozi ya stesheni iliyopangwa bila kufikiria pembe.

Kwanza, neno la kutahadharisha kuhusu lugha. Kwa Kiswahili, masafa ni umbali, na masafa pia ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na katika somo hili maana zote mbili hukutana karibu katika kila sentensi. Humu masafa yatakuwa ya redio tu, yakipimwa kwa hezi, na kilomita zitaitwa umbali. Bendi inayokusudiwa ni ya kuanzia MHz 3 (hezi milioni 3) hadi 30, ile ile ambayo wasikilizaji wa redio waliizoea kwa jina la mawimbi mafupi. Baadhi ya rada za pwani hupanda kidogo juu ya mpaka huo, hadi MHz 40 na zaidi.

Kinachopimwa hasa

Mwaka 1955, Douglas Crombie wa New Zealand alitangaza jambo aliloliona katika mwangwi wa bahari kwenye MHz 13.56: nguvu yake haikutawanyika ovyo, bali ilijikusanya kwenye masafa yaliyohama kwa kiasi maalumu kutoka kwenye masafa yaliyotumwa. Maelezo yake ndiyo msingi wa fani nzima. Bahari ina mawimbi ya kila urefu kwa wakati mmoja, lakini rada huitikiwa kwa nguvu na wimbi la aina moja tu, lile lenye urefu wa nusu ya wimbi la redio na linaloelekea moja kwa moja kwenye rada au kuipa mgongo. Mwangwi kutoka kila mgongo wa wimbi hilo hurudi ukiwa umelingana na wa jirani yake, hivyo yote hujumlishana. Wanafizikia huita hali hiyo mtawanyo wa Bragg.

Tuchukue rada ya MHz 13.5, ambayo itakuwa mfano wetu hadi mwisho. Urefu wa wimbi lake la redio ni mita 22.2, hivyo wimbi la bahari linaloitikia ni la mita 11.1. Katika maji yenye kina, wimbi la urefu huo husafiri kwa takriban mita 4.16 kwa sekunde; hakuna kubahatisha hapo, kasi hiyo huamuliwa na mvutano wa dunia na urefu wa wimbi peke yake. Kwa athari ya Doppler, yaani masafa kubadilika kwa sababu ya mwendo, mwangwi wake huhama kwa hezi 0.375. Kwenye spektra, yaani mchoro wa nguvu ya mwangwi kwa kila masafa, huonekana vilele viwili, kimoja upande wa juu kwa mawimbi yanayokuja na kingine upande wa chini kwa yanayokwenda. Sasa, kama maji yanayoyabeba mawimbi hayo nayo yanakuja kwa sentimita 50 kwa sekunde, vilele vyote viwili husogea pamoja kwa hezi 0.045.

Hiyo hezi 0.045 ndiyo mkondo. Rada haipimi kitu kingine: inatazama wimbi ambalo kasi yake inajulikana kwa hesabu, na kile kinachozidi au kupungua ndicho huitwa mkondo. Ni sehemu moja katika milioni 300 ya masafa yaliyotumwa, na ukiikumbuka tarakimu hiyo hutashangaa kwa nini saa ya mtambo hufungwa kwenye ishara ya GPS na kwa nini ukurasa mzima wa mwongozo huu umetengewa antena.

Mambo mawili yatokanayo na hesabu hiyo huwasumbua wanaoanza. La kwanza, mkondo unaopimwa ni wa tabaka jembamba la juu. Kwa kanuni inayotumika sana, kina chake ni urefu wa wimbi la redio ukigawanywa kwa mara 8 ya pai, yaani karibu sentimita 88 kwa mfano wetu. Anayetaka kujua maji ya kina cha mita 20 yanakwendaje atafute kifaa kingine. La pili, kanuni ya kasi ya mita 4.16 huanza kukosea pale wimbi linapoigusa sakafu ya bahari, na kwa wimbi la mita 11.1 hilo hutokea kina kikishapungua hadi takriban mita 5. Kwenye mafungu na maji ya kina kifupi, ama ingiza kina katika hesabu ama ufute eneo hilo kwenye ramani.

Hatua ya kwanza: kuchagua masafa

Masafa ya chini hufika mbali lakini hayana ubainifu mzuri. Masafa ya juu zaidi huona kwa undani lakini hayafiki mbali. Karibu na MHz 5, umbali wa kilomita 150 hadi 200 ni jambo la kawaida. Kwa MHz 13 tarajia kilomita 60 hadi 80, kwa MHz 25 kilomita 30 hadi 50, na juu ya MHz 40 kilomita 15 au 20 tu, zinazotosha ghuba au mlango wa bandari.

Umbali huo wote hutegemea chumvi. Mawimbi haya husafiri yakiambatana na uso wa maji na kuupinda upeo wa macho pamoja nao, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Juu ya ziwa la maji baridi uambatanaji huo hufa haraka, na rada inayofika kilomita 70 baharini huenda isifike hata robo yake ziwani. Vivyo hivyo mdomoni mwa mto mkubwa: wakati wa mafuriko, umbali wa rada hupungua bila kifaa chochote kuharibika.

Jiulize pia kama mawimbi yatakayokuitikia yapo. Rada ya MHz 5 huhitaji mawimbi ya mita 30, ambayo hayaamki kwa upepo mwepesi. Bahari ikitulia kama maji ya mtungi, ramani hubaki na matundu. Rada ya MHz 25 hutosheka na mawimbi ya mita 6, ambayo ni nadra kukosekana. Kinyume chake, bahari ikichafuka sana, rada ya masafa ya juu zaidi ndiyo hutangulia kushindwa, kwa maana spektra yake hujaa na vilele havitenganiki tena. Kikomo hicho hukadiriwa kwa urefu wa wimbi la redio ukigawanywa kwa pai: karibu mita 7 za kimo cha mawimbi kwa MHz 13.5, na chini ya mita 4 kwa MHz 25.

Hatua ya pili: kibali cha masafa

Kabla ya mwaka 2012 rada hizi ziliendeshwa kwa vibali vya majaribio, na ulikuwa ugomvi wa kudumu na watumiaji wengine wa mawimbi mafupi. Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio wa mwaka huo, ulioandaliwa mjini Geneva na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ulizitengea rada za bahari bendi mahususi, mojawapo ikiwa ni kHz 13450 hadi 13550. Azimio namba 612 linataka nguvu inayorushwa isizidi dBW 25, yaani karibu wati 316, na kila stesheni ijitambulishe kwa jina lake la redio angalau kila baada ya dakika 20. Mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako ndiyo itakayotoa leseni. Peleka maombi mapema, hata kabla ya kununua mtambo, kwa sababu bendi utakayopewa ndiyo itakayoamua ukubwa wa antena.

Upana wa bendi nao si suala la karatasi tu. Ubainifu wa umbali ni kasi ya mwanga ukigawanya kwa mara 2 ya upana huo: kHz 25 hukupa vipande vya kilomita 6, kHz 50 vya kilomita 3, na kHz 100, yaani bendi yote ya mfano wetu, vya kilomita 1.5. Ukiwa na stesheni kadhaa hazihitaji kugawana bendi hiyo vipande vipande, kwani zikisawazishwa kwa saa ya GPS zinaweza kutumia masafa yale yale kwa kupishana nyakati za kuanza kufagia bendi, tendo litakaloelezwa katika hatua ya sita.

Hatua ya tatu: kupanga stesheni mbili

Stesheni moja huona sehemu tu ya mkondo, ile inayoijia au kuikimbia. Maji yanayopita mbele yake kwa kukata njia huonekana kana kwamba yamesimama. Kipimo hicho cha upande mmoja huitwa kasi ya radiali, na ili kupata vekta kamili, yaani kasi ya mkondo pamoja na uelekeo wake, lazima mahali pale pale paonwe na stesheni mbili kutoka pande tofauti.

Tofauti ya pande ndiyo kiini. Stesheni mbili zikikutanisha mistari yao kwa pembe ya nyuzi 90, kosa la sentimita 8 kwa sekunde katika kila radiali hubaki takriban sentimita 8 katika vekta. Mistari ikikutana kwa nyuzi 20, kosa lile lile huzaa sentimita 33 katika upande ambao hakuna stesheni iliyoutazama vizuri. Vifaa ni vile vile, bahari ni ile ile, lakini ramani haifai kitu. Kwa hiyo desturi ni kukubali pembe kati ya nyuzi 30 na 150 tu, na kufuta zilizobaki. Kwa rada inayofika kilomita 70, kuziachanisha stesheni kwa kilomita 25 hadi 40 huwa ni mahali pazuri pa kuanzia. Chora duara mbili kwenye karatasi, pima pembe kila kilomita 10, na uone kama eneo unalolihitaji kweli limo ndani. Nimeona watu wakianza na kiwanja kilichopatikana bure kisha wakatafuta bahari ya kupima. Hao humalizia na ramani nzuri ya mahali pasipo na mhitaji.

Kwenye mstari unaounganisha stesheni mbili hutapata vekta kamwe, kwa sababu zote mbili zinatazama njia moja. Lakini usiudharau mstari huo, tutaurudia.

Hatua ya nne: antena

Kuna koo mbili za mitambo. Ya kwanza hutumia safu ndefu ya antena ufukweni, kama mfumo wa WERA uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Hamburg, na huelekeza usikivu wake upande mmoja baada ya mwingine. Kwa MHz 13.5, antena 16 zilizoachana mita 10 huhitaji ufuko wa mita 150 ulionyooka, na miale yake huwa na upana wa karibu nyuzi 8, sawa na kilomita 7 ukifika umbali wa kilomita 50. Ya pili, ambayo SeaSonde ndiyo maarufu zaidi, ilitokana na kazi ya Donald Barrick na wenzake waliokuwa NOAA, shirika la bahari na anga la Marekani. Hutumia mlingoti mmoja wenye vitanzi viwili vilivyopandana kwa pembe mraba na antena moja ya wima, na hutambua upande kwa kulinganisha nguvu katika antena hizo tatu, kwa kawaida kwa kanuni iitwayo MUSIC. Mtambo wa safu hushinda katika kupima mawimbi na upepo. Wa mlingoti mmoja hukaa mahali ambapo safu haingii, nao ni rahisi kuuhamisha bahari inapokula ufuko. Kwa anayetaka mikondo tu na hana ardhi, ningeshauri huo wa pili bila kusitasita, mradi akubali adhabu ya hatua ya tano.

Simamisha antena karibu na maji kadiri dhoruba itakavyoruhusu, ndani ya mita 100 au 150, kwani mchanga mkavu na majani hunyonya ishara kabla haijafika kwenye chumvi. Chuma cha aina yoyote kikae mbali angalau kwa urefu wa wimbi moja la redio, yaani mita 22 kwa mfano wetu, na zaidi ukiweza: ua wa seng'enge, nguzo za umeme, paa la bati, kontena la jirani. Chuma hicho hupokea wimbi, hulirusha upya, na antena haiwezi kujua kwamba kilichokuja kutoka kusini kimepitia kwenye ua ulio magharibi. Uelekeo wa vitanzi upimwe kutoka kaskazini ya kweli kwa nukta mbili za GPS au kwa jua, kwa sababu dira ya sumaku hudanganyika karibu na mlingoti.

Kisha andika alama kwenye kebo. Katika stesheni moja niliyowahi kuihudumia, kebo za vitanzi viwili zilibadilishana nafasi baada ya ukarabati. Kompyuta haikutoa onyo lolote. Ramani ziliendelea kutoka kila saa, safi, bila matundu, ila kila kilichokuwa kushoto kilikuwa kimehamia kulia kama sura ndani ya kioo. Zilipita wiki 3 kabla ya kugundulika, na hazikugunduliwa kwa kuitazama ramani bali kwa ule mstari unaounganisha stesheni mbili, ambao ulianza kutoa majibu yasiyowezekana. Tangu hapo kila kebo ninayoishika ina rangi yake ncha zote mbili.

Hatua ya tano: kupima umbo halisi la usikivu

Karatasi ya mtengenezaji huonyesha antena inayosikia kwa umbo zuri la kitabuni. Antena iliyokwisha kusimamishwa, yenye jengo nyuma yake na mwamba pembeni, haisikii hivyo. Kwa mitambo ya mlingoti mmoja tofauti hiyo huhamisha mkondo kwa nyuzi 10, 20, hata zaidi, na ndicho chanzo kikubwa cha makosa kuliko vyote nilivyotaja.

Chukua boti ndogo yenye kifaa kinachoirudisha ishara ya rada na GPS inayoandika nafasi kila sekunde. Iendeshe polepole kwa nusu duara lenye kitovu kwenye antena, umbali wa kilomita 1 au 2, kutoka ncha moja ya pwani hadi nyingine, kisha rudi kwa njia ile ile. Kurudi si anasa: mikunjo miwili ikitofautiana, ama boti iliyumba ama saa za GPS na rada hazikulingana, na utajua kabla hujaondoka. Chagua asubuhi tulivu, na mwambie nahodha asikimbie, kwa kuwa palipo na vipimo vichache kwa kila nyuzi ndipo kelele hujificha. Siku hizi wapo wanaotumia droni, na wapo wanaotumia meli zinazopita ambazo hutangaza nafasi zake kwa redio. Njia hizo ni nafuu na zafaa kwa ukaguzi wa mara kwa mara, lakini kipimo cha kwanza kifanywe kwa boti.

Rudia zoezi hili kila mwaka, na papo hapo mtu yeyote anapojenga kitu karibu.

Hatua ya sita: mipangilio ya kufagia

Mtambo hurusha ishara inayofagia bendi yake kutoka mwanzo hadi mwisho, tena na tena. Ukifagia mara 2 kwa sekunde, spektra itatosha kuanzia hezi -1 hadi +1, na vilele vyetu vya hezi 0.375 vitakaa ndani vikiwa na nafasi ya kusogea. Ukikusanya mifagio 512, yaani sekunde 256, ubainifu wa kasi unakuwa sentimita 4.3 kwa sekunde. Ukirefusha muda, ubainifu huongezeka, lakini mkondo nao hubadilika wakati unapima. Kwa mikondo ya maji kupwa na kujaa, spektra kadhaa huwekewa wastani wa dakika 10 hadi 15, na radiali zake huwekewa wastani wa takriban saa moja.

Hatua ya saba: kuisoma spektra kwa macho

Programu itakufanyia kila kitu, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa wiki ya kwanza, fungua spektra za umbali mbalimbali na uzitazame mwenyewe. Katikati, kwenye hezi sifuri, kuna mwangwi wa vitu visivyosogea kama visiwa na milingoti. Vilele viwili vya Bragg husimama kila upande, vinene palipo na mikondo mingi inayotofautiana, vyembamba palipo shwari. Kuvizunguka kuna vilima vya chini zaidi vinavyotokana na mawimbi yanayogongana, vinavyoitwa vya daraja la pili. Mpaka kati ya kilele na kilima ndio programu huuchora ili kujua kipi ni mkondo. Mkondo ukiwa mkali, kilele hutanuka na kuumeza ukingo wa kilima, na mpaka uliowekwa kwa bahari tulivu hukata sehemu yenye kasi kubwa kuliko zote. Matokeo yake ni ramani isiyoonyesha kamwe zaidi ya mita 1 kwa sekunde, na mtu akadhani bahari yake ni pole.

Mstari mwembamba unaokata umbali wote kwa masafa yale yale ni kituo kingine cha redio. Nukta kali yenye umbali mmoja inayohama kutoka spektra moja hadi nyingine ni meli. Utandu mpana unaozuka kwenye umbali wa mbali na kufunika kila kitu, hasa kwenye rada za MHz 5, ni mwangwi wa ionosfia, tabaka la juu la anga lenye gesi yenye chaji ya umeme. Radi za mbali huinua sakafu nzima ya kelele, na mara nyingi usiku ndio mbaya kuliko mchana, kwa sababu mchana tabaka la chini la ionosfia hunyonya kelele inayotoka mbali.

Hatua ya nane: kutoka radiali hadi vekta, na kuhakiki

Weka gridi juu ya bahari, na kwa kila nukta kusanya radiali zote zilizo ndani ya duara dogo, zikitoka stesheni zisizopungua mbili, na radiali zenyewe zisipungue tatu kwa jumla. Tafuta vekta moja inayozitosheleza zote kwa njia ya jumla ndogo kabisa ya miraba ya makosa. Tupa radiali zinazozidi kasi inayowezekana mahali hapo, zinazoruka mno kutoka saa iliyotangulia, au zilizoangukia nchi kavu. Hifadhi ukadiriaji wa kosa la pembe pamoja na kila vekta, na usimkabidhi mtu ramani isiyo nao.

Sasa ule mstari unaounganisha stesheni mbili. Maji yaliyo juu yake yakiisogelea stesheni moja, lazima yaikimbie nyingine kwa kasi ile ile. Kwa hiyo jumla ya radiali mbili za hapo inatakiwa kukaribia sifuri kila saa. Ni kipimo kisichogharimu kitu, hakihitaji boya wala boti, na hukamata kebo zilizobadilishana, uelekeo uliokosewa na saa iliyoteleza. Kiweke kwenye skrini ya kwanza kabisa ya mhudumu.

Baada ya mwezi mmoja, tenganisha mkondo wa maji kupwa na kujaa kwa uchambuzi wa harmoniki, ukianza na ule mkuu wa mwezi wenye muda wa saa 12.42. Unatakiwa ubadilike taratibu kutoka nukta hadi nukta na kupata nguvu wakati wa bamvua. Ukiona nukta moja ikizunguka kinyume na majirani zake wote, rudi kwenye umbo la antena. Kwa kulinganisha na kipimo cha nje, tumia maboya yanayoelea na maji ya mita 1 ya juu. Tofauti ya sentimita 5 hadi 15 kwa sekunde ni ya kawaida, na si yote ni kosa la rada: boya hupima nukta moja, rada huweka wastani wa kilomita kadhaa.

Mawimbi, upepo na anga

Uwiano wa nguvu kati ya vilele viwili vya Bragg huonyesha upepo unavuma kutoka wapi, kwa kuwa mawimbi mafupi huufuata. Kimo cha mawimbi hutolewa kwenye vilima vya daraja la pili, kwa kugawanya nishati yake kwa ile ya vilele. Vilima hivyo ni hafifu, hivyo mawimbi hupimwa kwa umbali mfupi zaidi kuliko mikondo. Tsunami ya Machi 11, 2011 nayo ilionekana kwenye rada za Japani na za Marekani upande wa Pasifiki, kama mkondo unaopishana kwenda na kurudi kwa vipindi vya makumi ya dakika. Anayetaka kuitumia rada kwa onyo la aina hiyo lazima apunguze muda wa wastani kutoka saa moja hadi dakika chache, na akubali kelele itakayoongezeka.

Utandu wa ionosfia ambao mpima mikondo huufuta ndio mpima anga huutafuta. Mtandao wa SuperDARN, uliokua kutokana na rada ya Goose Bay nchini Kanada iliyoanza kazi mwaka 1983, hutumia MHz 8 hadi 20 kupima jinsi gesi yenye chaji ya ionosfia inavyosukumwa, kwa kupokea mwangwi kutoka kwenye mivurugiko ya gesi hiyo iliyojipanga kufuata uga wa sumaku wa dunia. Mwangwi hurudi vizuri pale tu wimbi la redio linapoukata uga huo kwa pembe mraba, kwa hiyo antena hukaa kinyume na mazoea ya pwani: huelekezwa kwa kufuata sumaku, na bahari au nchi kavu iliyo mbele yake haina umuhimu mkubwa. Rada hizo hizo hupata, kwa umbali wa karibu, mwangwi wa njia za vimondo vinavyoungua kwenye kimo cha kilomita 80 hadi 100, na kuhama kwa masafa yake hutoa kasi ya upepo wa huko juu, mahali ambapo puto halifiki na satelaiti haiwezi kudumu.

Kwa stesheni ya pwani, usiifute data hiyo moja kwa moja. Hifadhi spektra ghafi, si radiali peke yake, hata kama diski itajaa haraka. Umbo la antena likipimwa upya mwakani, ni spektra hizo tu zitakazokuwezesha kurudi nyuma na kuchora upya ramani za mwaka mzima.